Somo la Mwezi: Nyumba ya Pili ya Magogo, Kupima Kabla ya Kukopa

Wanachama wengi waishio mijini hutamani kuwa na nyumba ya pili kijijini kwao: mahali pa kufikia wakati wa likizo, pa kukutania na ndugu, na hatimaye pa kustaafia. Kwa wenyeji wa Mufindi, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill wenye mipaina na mikaratusi, wazo la kuijenga kwa magogo mazima huja kwa urahisi. Mti uko karibu, na ukuta mnene wa mti huzuia vizuri baridi ya Juni na Julai. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mwanachama, na katibu apokeaye ombi lake la mkopo, hawana budi kuyapima.

1. Gogo hubadilika

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Unapokauka hupungua unene, bali urefu wake haupungui ila kidogo sana. Ndiyo sababu nguzo iliyosimamishwa hubaki na kimo chake, na ukuta wa magogo yaliyolazwa hushuka. Ukuta wa mita 3 wa magogo mabichi waweza kushuka sentimita 10 au zaidi katika miaka ya kwanza. Fundi asiyejua hayo hukaza fremu za milango na madirisha. Ukuta ukishuka, uzito hulemea fremu, mlango hukwama na kioo hupasuka. Fundi ajuaye huacha nafasi juu ya kila fremu na kuijaza kitu laini, na kila nguzo ya baraza huiwekea jeki ya skrubu ili ishushwe kidogo kidogo. Seremala hodari wa mapaa na samani si lazima awe hodari wa kazi hii.

2. Maji na mchwa

Kuvu iozeshayo mti hustawi pale unyevu wa mti unapozidi asilimia 20 hivi. Kwa hiyo yafaa msingi wa mawe au saruji uinuliwe vya kutosha, na paa litokeze mbali ili mvua isipige ukuta. Mchwa naye hupanda kutoka ardhini kwa njia za udongo. Kipande cha bati kikiwekwa kati ya msingi na gogo la kwanza, na kingo zake zikatokeza nje, mchwa hulazimika kujenga njia yake mahali panapoonekana. Hakimzuii kabisa, humfichua tu, na kufichua kwafaa pale alipo mtu wa kutazama. Dawa ya kupaka hukaa juu juu. Ile iingizwayo kwa mashine ya mgandamizo hupenya zaidi. Lakini gogo likichongwa baada ya kutiwa dawa, sehemu iliyochongwa hukosa kinga na yapasa kupakwa upya.

3. Kutokuwapo kwa mwenyewe

Nyumba ya magogo yaweza kudumu. Kanisa la magogo la kisiwa cha Kizhi nchini Urusi, lililojengwa mwaka 1714, lingali limesimama. Lakini limesimama kwa kutengenezwa, na magogo mabovu kubadilishwa. Ufini, nchi ya watu milioni 5.5 hivi, ina nyumba za mapumziko zipatazo 500,000, nyingi zikiwa za mti. Lakini Ufini haina mchwa, na kwa hiyo mfano wake hauwezi kuchukuliwa mzima mzima.

Mfano wa karibu ni mwanachama afanyaye kazi Dar es Salaam, karibu kilometa 600 kutoka Mafinga, apataye likizo ya wiki 2 kijijini. Nyumba yake hufungwa wiki 50 kwa mwaka. Bati likifunuliwa na upepo mwezi Desemba, magogo ya juu hulowa msimu mzima wa mvua. Katika nyumba ikaliwayo, tone la kwanza huonekana siku ile ile. Katika nyumba iliyofungwa, huonekana uozo.

4. Hesabu ya miaka kumi

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Mkopo wa shilingi 12,000,000 kwa miezi 36 hudai marejesho ya karibu shilingi 333,000 kila mwezi kabla ya riba. Mtunzaji akilipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Dawa, matengenezo madogo na nauli zikifika shilingi 400,000, jumla ni shilingi 1,000,000 kwa mwaka, yaani shilingi 10,000,000 kwa miaka 10. Hiyo ni kama kujenga karibu mara mbili, wala nyumba hiyo haileti kodi. Mkopaji akishindwa, mzigo huwaangukia wadhamini, ambao ni wanachama wenzake.

5. Uamuzi

Haifai kamati ya mikopo kulikataa ombi kwa sababu tu nyumba ni ya magogo, wala kulikubali kwa sababu tu miti iko karibu. Jambo kubwa la kupima ni nani atakayeishi humo. Ikiwa wazazi wa mwanachama au mpangaji atakaa ndani, nyumba ina macho. Ikiwa itafungwa, ni afadhali kuanza na nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, au kuahirisha ujenzi mpaka kustaafu kukaribie. Ajengaye na amkabidhi mtunzaji daftari la ukaguzi wa kila mwezi: paa, msingi, pembe za magogo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Kwa nini ukuta wa magogo hushuka, na nguzo haishuki?
(b) Bati juu ya msingi lina faida gani ikiwa hakuna mtu wa kulitazama?
(c) Katika chama chenu, je, fomu ya mkopo wa ujenzi humwuliza mwombaji ni nani atakayeitunza nyumba?