Mgeni Anapopigwa: Kazi ya Askari ni Nini?
(Somo: Matendo ya Mitume 21, aya 27 hata 36)

Ndugu walimu, katika sura hii twasoma jinsi ghasia ilivyoanza Yerusalemu kwa uvumi. Watu walikuwa wamemwona Trofimo, mtu wa Efeso, mjini pamoja na Paulo, wakadhani ameingizwa hekaluni, mahali walipokatazwa wageni. Hakuna aliyeuliza. Paulo akaburutwa nje ili auawe. Jemadari alipopata habari alishuka mbio pamoja na askari, na wenye kupiga wakaacha. Hapo alifanya kazi yake vema. Walakini tazameni: aliyefungwa minyororo ni yule aliyepigwa.

Na huku kwetu tunayo habari iliyo karibu na hiyo. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, katika nchi ya Meru, kuanza kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 vijana wa vita, Wameru na Waarusha, waliwashambulia, wakawaua pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Hawakuuawa kwa ajili ya Injili, maana watu wa Meru walikuwa hawajaisikia bado. Waliona Wazungu, na karibu yao kambi ya Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Wadachi aliyekaa Moshi, wakasadiki ya kuwa wote ni jeshi moja lililokuja kuwanyang'anya nchi. (Juu ya nchi hofu yao haikuwa ya bure, mashamba ya walowezi yalifika Meru baadaye.)

Johannes hakuuliza ni mkono wa nani ulioshika mkuki. Aliipiga nchi nzima, na mashujaa wa Kilimanjaro, babu zetu, walikwenda pamoja naye. Watu wengi wakauawa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe na wanawake wakachukuliwa. Sisi wa mlimani twapenda kuwataja wale wamisionari wawili, na habari hii ya nyara twaipita upesi. Misheni iliporudi Meru mwaka 1902, huko Nkoaranga, iliwakuta watu waliokwisha kuujua moto wa askari kabla ya kulijua Neno.

Tusidhani mambo haya ni ya kale tu. Mwezi wa Mei 2008, katika Alexandra, mtaa wa Johannesburg, watu waliwaondokea wageni kwa kusema kwamba wanawanyima kazi na nyumba. Ghasia ikaenea miji mingine. Walikufa watu 62, na 21 kati yao walikuwa wenyeji wa Afrika Kusini, maana kundi lenye hasira halichagui vizuri. Polisi walilemewa, na wanajeshi waliitwa baada ya siku kama kumi, wengi wakiwa wamekwisha kukimbilia makanisani na kwenye vituo vya polisi. Ghasia iliporudi mwaka 2015, serikali ilianzisha Operesheni Fiela. Kusudi lake lilitajwa kuwa kuwaondoa wahalifu. Lakini wageni wengi walikamatwa kwa kukosa hati, katika siku zile zile walipokuwa wakiwindwa na jirani zao.

Kapteni aliadhibu kabila zima kwa damu ya wachache. Huko kusini mkono wa sheria ulimshika na mgeni mwenyewe. Kumtafuta aliyepiga, mtu mmoja mmoja, na kumpeleka mbele ya hakimu ni kazi ya polepole, tena yataka mashahidi. Na mashahidi ni majirani, yaani sisi.

Darasani someni tena aya ya 33 na ya 34, kisha mwulizane: jemadari alipouliza habari za Paulo, ni nani katika umati aliyeweza kumpa jibu la kweli, na kwa nini hakusema?