Kutumia Kikata Duara kwa Usalama katika Useremala

Kikata duara ni kifaa cha drili kinachotoboa matundu mapana kwenye mbao na plaiwudi, au kukata visahani vya mviringo kama magurudumu ya vigari vya watoto. Katikati kina biti ndogo, mara nyingi ya milimita 6, inayoshika kitovu cha duara. Juu ya biti hupita mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo hufungwa kisu kimoja. Mkono ukisogezwa nje duara hupanuka, ukirudishwa ndani hupungua. Mafundi wa maboksi ya spika hukipenda kwa sababu hiyo: kifaa kimoja hutoa matundu ya vipimo vingi.

Hatari yake iko kwenye mkono huo. Ukizunguka hauonekani, jicho huona biti katikati na ukungu pembeni. Kidole kinachokwenda kupangusa maranda hukutana na kisu kabla mwenyewe hajatambua. Tena mkono una mkia upande wa pili, na kwa duara dogo mkia hutokeza nje kuliko kisu chenyewe.

Kifaa hiki ni cha drili ya kusimama peke yake. Kwenye drili ya mkono, kisu kikinasa ubao, nguvu yote hurudi kwenye kiwiko na kifundo cha mkono wa fundi, na biti iliyoinama kidogo tu huzamisha kisu upande mmoja. Asiye na drili ya kusimama ni bora achore duara kwa bikari na kukata kwa msumeno mwembamba.

Mwendo uwe mdogo: mizunguko kati ya 250 na 500 kwa dakika, na kwa duara pana zaidi uelekee 250. Maelekezo ya mtengenezaji yakitaja mwendo mdogo kuliko huo, yafuatwe hayo. Hesabu ya tundu la milimita 150 inaonyesha sababu. Kwa mizunguko 500, ncha ya kisu hukimbia kama kilomita 14 kwa saa. Kwa mizunguko 2,500 hufika kilomita 70 kwa saa, na nguvu inayokivuta kisu kichomoke huongezeka mara 25. Mkanda uhamishwe kwenye puli ya mwendo mdogo umeme ukiwa umechomolewa.

Kupima kunataka utulivu. Kwa tundu la milimita 150, kutoka katikati ya biti hadi ncha ya nje ya kisu ni milimita 75. Akipima kutoka ukingo wa biti ya milimita 6, fundi anatafuta 72. Upande wa kisu uliosimama wima uelekee sehemu inayobaki kuwa kazi, na mteremko uelekee sehemu inayotupwa. Anayekata gurudumu hukigeuza kisu. Kisha skrubu zote, ya kisu na ya mkono, zikazwe na kukaguliwa tena, maana mtikisiko huzilegeza.

Ubao haushikwi kwa mkono hata ukiwa mzito. Ufungwe kwa klampu mezani, juu ya kipande cha ubao chakavu. Sehemu ya katikati nayo ipigwe skrubu mbili kwenye ubao huo wa chini, vichwa vikizama, ili isizungushwe pamoja na biti ikishakatika. Kabla ya kuwasha, kikata duara kizungushwe kwa mkono mzunguko mmoja mzima kuona kama mkia unagusa klampu, na ufunguo wa drili uondolewe.

Miwani ya kinga ivaliwe, na kwa MDF barakoa pia. Glavu, pete na mikono mirefu ya shati havifai hapa, kwa kuwa kinachonaswa huvuta mkono mzima.

Kisu kishushwe taratibu, kikiinuliwa mara kwa mara kitoe maranda. Plaiwudi ya milimita 18 ikatwe hadi nusu, biti ikiwa imekwisha kutokea chini. Drili izimwe, skrubu zitolewe, ubao ugeuzwe na kufungwa upya, kisha ukatwe kutoka upande wa pili kwa tundu lile lile la biti. Hivyo kingo hazichaniki. Moshi na harufu ya kuungua ni dalili ya kisu butu, na kukandamiza zaidi ni kukialika kinase. Kinolewe kwanza. Maranda huondolewa kwa brashi, mkono wa chuma ukiwa umesimama kabisa.