Udongo wa Shamba Lako Ulitoka Wapi?

Ndugu mkulima, chukua jembe na sururu, uchimbe shimo la futi nne au tano shambani mwako, kisha utazame ukuta wake. Juu utaona udongo mweusi wenye mizizi na minyoo. Chini yake ni udongo mgumu wenye rangi nyingine. Mahali pengine utafikia changarawe inayovunjika mkononi, na mwisho mwamba wenyewe. Huko Nyeri au Murang'a huenda usiufikie, maana udongo wa huko una kina kirefu.

Udongo huo sehemu kubwa ni mwamba uliooza. Je, mwamba huozaje? Jua huupasha moto mchana na baridi huupoza usiku, mpaka unapata nyufa. Mizizi ya miti huingia katika nyufa hizo na kuzipanua. Lakini kazi kubwa hufanywa na maji ya mvua. Maji hayo huchanganyika na hewa ya kaboni, hasa ile iliyo udongoni, yakawa na ukali kidogo, nayo hula mwamba polepole. Chuma kilichomo ndani hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo rangi nyekundu ya udongo.

Mawe mengi ya vilima vya Machakos yana chembe nyeupe zinazong'aa. Hizo hazikubali kuoza, basi hubaki mchanga. Chembe nyingine hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi. Mawe ya Kiambu na Nyeri yalitoka katika volkano, nayo yana chembe hizo ngumu chache sana. Ndiyo sababu udongo wa huko hauna mchanga mwingi.

Sasa fikiri jambo hili. Inchi moja ya udongo yaweza kuchukua miaka mia kadhaa, hata elfu moja, kufanyika. Lakini mvua kubwa za miaka michache tu zaweza kuichukua yote mpaka mtoni, ikiwa shamba liko mtelemkoni na halina kinga. Udongo wa juu ndio wenye chakula cha mimea. Ukienda, mahindi yako yatakuwa manjano na mafupi.

Basi fanya kama wakulima wengi wa Ukambani: chimba mtaro kukata mtelemko, utupe udongo upande wa juu, na upande majani ya ng'ombe juu ya tuta. Tia samadi, wala usichome mabua.

Babu zako hawakuuona udongo huo ukianza. Usikubali wajukuu wako wauone ukiisha.