Mama mkwe hataki nimsomee binti yetu vitabu hivi

Shangazi,

Mimi na mume wangu tunaishi Mombasa. Binti yetu tulimwasili akiwa na miezi saba, kisheria, kwa amri ya mahakama. Sasa ana miaka mitano. Rafiki yangu aliye Uingereza ametutumia vitabu vya picha kuhusu watoto walioasiliwa, na mtoto huvifungua kila jioni. Mama mkwe alipoviona alikuja juu: ati nitamfungua mtoto macho bure, aanze kuwatafuta wasiomtafuta. Anataka tungoje akomae. Mume wangu kanyamaza. Nami naona vimejaa safari za ndege na nchi za watu. Nivisome au nivifiche?

Mama wa Mmoja, Mombasa

Mwanangu,

Visome. Mama mkwe wako anaogopa kumpoteza mjukuu, na hofu hiyo ni ya mtu anayempenda. Lakini siri hii si yenu peke yenu. Mawifi zako wanaijua, na majirani walioona mtoto pasipo kuona mimba wanaijua pia. Siku binamu yake atakapokasirika kwa kunyang'anywa baiskeli, ataitamka, na binti yako ataisikia kama tusi. Akiisikia kwako kwanza, tena angali mdogo, ataizoea kama alivyolizoea jina lake.

Ila si kila kitabu kinafaa. Tazama hadithi inaanzia wapi. Ikianzia siku wazazi walipompokea mtoto, imeanzia katikati. Binti yako aliishi miezi saba kabla yenu, na kuna mwanamke aliyembeba tumboni. Iko siku atamuulizia, na kitabu kisichomtaja kinamfunza kwamba huyo haulizwi.

Chukua A Mother for Choco cha Keiko Kasza. Kindege wa manjano anazunguka kutafuta mama, hadi anapokewa na dubu asiyefanana naye hata kidogo. Ni kizuri kwa mtoto anayeulizwa mbona hafanani na mamake, lakini Choco alikotoka hakusemwi. Tell Me Again About the Night I Was Born cha Jamie Lee Curtis, cha 1996, kina safari ya ndege kama unavyolalamika, lakini kinamtaja mama mzazi, kwamba alikuwa na umri mdogo mno kuweza kulea.

Kipo pia cha kisa kilichotokea hapo hapo kwenu: Owen & Mzee cha 2006, cha Isabella na Craig Hatkoff pamoja na Paula Kahumbu, chenye picha za Peter Greste. Tsunami ya Desemba 2004 ilimwacha mtoto wa kiboko peke yake baharini karibu na Malindi. Akaokolewa, akaletwa Haller Park, Bamburi, akamng'ang'ania kobe aliyekadiriwa wakati huo kuwa na miaka 130. Kitabu kinalitaja kwanza kundi lake, kisha msiba, ndipo kobe. Tena kobe mwenyewe mwanzoni alimkwepa. Mapenzi yalikuja kwa kuzoeana. Hakuna theluji humo, na bustani yenyewe mnaweza kwenda na kurudi siku moja.



Lakini binti yako si kiboko, na hakuna mwandishi wa mbali anayejua habari zake. Nunua daftari, mtengeneze chake. Andika kwa mfuatano: alikozaliwa kama mnapajua, makao yaliyomlea, siku mliyokutana, siku ya mahakama. Bandika picha. Msilolijua, andikeni kwamba hamlijui, msitunge. Lililo zito kwa miaka mitano liache lingoje, ila usiweke uongo mahali pake. Usimwambie kwamba mamake alimtoa kwa sababu alimpenda, maana nawe wampenda, na usiku atajiuliza utamtoa lini. Wala usimwambie mlimwokoa, asije akakua akidhani anadaiwa.

Mama mkwe naye mpe ukurasa wake: asimulie siku alipomwona mjukuu mara ya kwanza na alivyombeba. Huenda akaacha kuviogopa vitabu akijikuta ndani ya kimoja.

Na mume wako aache kunyamaza. Mama ni wake. Yeye ndiye wa kumwambia kwamba mtoto huyu ataambiwa ukweli, na ataambiwa na nyinyi.

Shangazi