KUITAYARISHA PIKAPU KONGWE KWA SAFARI YA JANGWANI

Katika mji wa Nairobi na vitongoji vyake vya magharibi ziko pikapu nyingi zilizopita umri wa miaka 20, nazo zingali zikifanya kazi njema. Wenye magari hayo mara nyingine hutamani kwenda nayo kaskazini, kwa kazi au kwa matembezi, mpaka jangwa la Chalbi katika Marsabit. Safari hiyo imekuwa nyepesi tangu barabara kuu ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilipotiwa lami. Lakini mtu akiiacha barabara hiyo huingia katika nchi ya mawe meusi, mchanga na chumvi, mahali ambapo gari likiharibika huenda siku nzima ikapita pasipo gari jingine kutokea. Basi yafaa kujua ni mabadiliko gani ya gari yaliyo ya lazima, na ni yapi yaliyo pambo tu.

Uzito ni adui wa kwanza

Afikaye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi hata leo huiita Grogan, hukuta maduka yaliyojaa vipuri vya kila namna. Upesi hushawishika kununua bampa kubwa ya chuma na chanja cha juu ya paa. Vitu hivyo vyapendeza macho, lakini kila kimoja huongeza uzito, na uzito ndio uzamishao gari mchangani na kuvunja springi. Pipa la lita 200 za dizeli peke yake lina kilo 170 hivi. Wahenga walisema mzigo mzito apewe Mnyamwezi. Lakini pikapu kongwe si Mnyamwezi.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1940 ofisa Mwingereza, Ralph Bagnold, aliunda kikosi cha kusafiri katika jangwa la Misri na Libya. Malori yake ya Chevrolet yalikuwa ya kawaida ya biashara. Kabla ya kuongeza kitu, mafundi waliondoa kwanza: milango, paa na vioo vya mbele. Ndipo walipotia springi zenye nguvu, na kuchukua mabamba ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu yaliyozama.

Rejeta

Nairobi iko juu sana, kiasi cha meta 1,700, na hewa yake ni ya baridi. Kwa sababu hiyo rejeta iliyoziba nusu yaweza kufanya kazi mjini miaka mingi bila kuonyesha dosari. Chalbi iko chini ya meta 400, na joto lake ni kali. Huko dosari hiyo itafichuka siku ya kwanza. Rejeta isafishwe ndani na nje, hozi zilizokakamaa zibadilishwe, na mkanda wa feni wa akiba uchukuliwe. Kikosi cha Bagnold kiliunganisha rejeta na kopo la maji kwa mpira: mvuke uliingia koponi ukageuka maji, na injini ilipopoa maji yakarudi mahali pake. Magari ya siku hizi yana chombo cha namna hiyo, kikipasuka kisipuuzwe.

Springi na chesi

Mafundi wa jua kali wa Kawangware na Dagoretti ni hodari wa kulehemu. Hata hivyo, mwenye gari asiruhusu chesi ilehemiwe ovyo, kwa kuwa moto hudhoofisha chuma, nacho huja kupasuka kando ya maungio kwa kutikiswa na njia mbovu. Kiungo kikiweza kufungwa kwa bolti, bolti ni bora. Springi za nyuma zaweza kuongezwa bamba moja. Zikiongezwa mno, gari huruka badala ya kukanyaga.

Matairi

Dawa kubwa ya mchanga haina gharama: ni kupunguza upepo. Tairi lenye pauni 35 barabarani lishushwe mpaka pauni 18 hivi. Hapo hulala na kukanyaga mahali parefu zaidi, wala halizami upesi. Lakini likirudi kwenye mawe ni lazima lijazwe tena, la sivyo ubavu wake hukatika. Kwa hiyo pampu, kipimo cha upepo na matairi mawili ya akiba ni bora kuliko bampa yo yote.

Jaribio

Gari likiisha tengenezwa, lisipelekwe Chalbi moja kwa moja. Lipakiwe mzigo wake wote, literemshwe Magadi, mwendo wa kilomita 110 hivi kutoka Nairobi, ambako kuna joto na magadi kama kule, kisha lipandishwe tena. Litakalovunjika huko litavunjika karibu na fundi.

Mwisho, yako mambo ambayo fundi hawezi kuyatengeneza. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope chini ya ganda jeupe lionekanalo kavu, na hakuna gari lililo salama juu yake. Msafiri awaulize Wagabra wa Maikona, Kalacha au North Horr kabla ya kuvuka, na kwa kila mtu achukue maji ya kunywa yasiyopungua lita 5 kwa siku, pamoja na ya siku za akiba. Injini ikifa, maji hayo ndiyo yatakayomweka hai mpaka msaada ufike.