MUZAZI WA BADILIKO NI NANI?
(Somo la ordinatere)



Wale wenye kuandika programu za ordinatere hawaimalizi kwa siku moja. Leo wanaongeza mustari, kesho wanafuta mwingine, na mara mingi watu wengi wanatengeneza programu moja pamoja. Ili kazi ya mutu isipotee, kuko programu za kulinda mabadiliko yote. Moja ya zile za zamani ni SCCS. Marc Rochkind aliianza mwaka wa 1972 katika Bell Labs, Marekani. Leo yenye kutumiwa sana inaitwa Git. Linus Torvalds, yeye mwenye kuanzisha Linux, aliianza mwaka wa 2005. Katika somo hili tujifunze kitu kimoja tu: namna gani Git inaonyesha udugu kati ya badiliko moja na lingine.

1. Git inaandika nini?

Kwa kila badiliko Git inaandika: nani alilifanya, siku na saa, maneno mafupi ya kulieleza, na hali ya faili zote. Tena inaandika jina la muzazi wake, maana yake lile badiliko lenye lilitangulia, penye hili lilitokea. Badiliko la kwanza kabisa halina muzazi. Badiliko la kawaida liko na mmoja. Badiliko la kuunganisha liko na wawili, pengine zaidi.

Jina la badiliko ni alama 40, tarakimu na herufi a mpaka f. Ordinatere inalihesabu kutoka kwa yote yenye tumetaja, hata jina la muzazi. Kwa hiyo ukigusa badiliko la zamani, jina lake linageuka, na majina ya watoto na wajukuu wake wote yanageuka vilevile.

2. Mufano

Tuseme wanafunzi watatu wanaandika programu ya kuhesabu pointi za semestre: periode mbili, kila moja juu ya 10, na mutihani juu ya 20.

A, siku ya kwanza: kujumlisha periode mbili.
B, siku ya pili: kutafuta ngapi juu ya 100.
C, siku ya tatu: mwanafunzi wa pili anatoka kwa B, anaongeza pointi za mutihani.
D, siku ya ine: mwanafunzi wa kwanza naye anatoka kwa B, anapanga majina kwa kufuata alfabeti.
E, siku ya tano: mwanafunzi wa tatu anatoka kwa C, anaongeza namna ya kuchapa liste.
F, siku ya posho: wanaunganisha D na E.

Ukiandika mu ordinatere: git log --graph --all, Git inakuchorea matawi yale kwa nyota na mistari. Sisi tunaweza kuyachora hivi:

A---B-----D-----F
     \         /
      C-------E

3. Nani alikosa?

Sasa liste ya E inatoka. Mwanafunzi mwenye 7, 6, na 13 ya mutihani amepata 130 juu ya 100! Nani alikosa?

Mwenye kutazama tarehe tu atasema: "Programu ya siku ya ine, D, ilitoa 65, njo hesabu ya kweli ya periode mbili. Basi C ya siku ya tatu iko nzuri. Kosa ni la E." Na mwanafunzi wa tatu atasemwa bure.

Lakini tufuate wazazi. D si mutoto wa C, ni mutoto wa B. Ndani yake hamuna mutihani hata kidogo, kwa hiyo haiwezi kutoa ushuhuda juu ya C. Muzazi wa E ni C. Tunajaribu C: 130. Muzazi wa C ni B. Tunajaribu B: 65. Basi kosa liliingia kwa C: aliongeza pointi za mutihani, akaacha maksima 20 pahali pa 40. Hesabu ya kweli ni 26 juu ya 40, ni kusema 65 juu ya 100.

Tarehe inasema nani alitangulia kuandika. Haisemi nani alizaa nani. Na saa ya ordinatere yenyewe inaweza kudanganya.

Kama mabadiliko ni mingi, Git inajua kugawanya mara mbili mbili kwa kufuata wazazi. Kati ya 1000, majaribio 10 hivi yanatosha.

4. Kuunganisha

Kwa kufanya F, Git inatafuta babu wa karibu wa D na E: ni B. Inatazama nini kiligeuka toka B mpaka D, na toka B mpaka E, kisha inaweka yote pamoja. Kama wote wawili waligeuza mustari uleule kwa namna mbalimbali, inasimama na kuuliza watu. F inabeba majina ya wazazi wawili, ili kazi ya kila mmoja ijulikane. Subversion, ya mwaka wa 2000, haikuandika yenyewe kuunganisha namna hii mpaka 1.5 ya mwaka wa 2008. Watu walipaswa kukumbuka wenyewe.

F imerizi kosa la C. Tusiifute C, tufanye G, mutoto wa F, yenye kuweka maksima 40.

MAULIZO

1. Katika picha yetu, mabadiliko gani yako na muzazi mmoja tu?
2. Mutu akifanya H kutoka kwa D, je, H itakuwa na kosa la maksima? Sababu gani?
3. Tukigeuza B leo, majina gani yatageuka, na gani litabaki?