SOMO LETU: KUPIMA MFANANO WA VITU KATIKA PICHA



Mchambuaji hodari hachanganyi karafuu na makonyo, kwani jicho lake limezoea. Kompyuta haina jicho. Picha kwake ni safu za nukta, na kila nukta ni tarakimu za rangi. Basi ikituambia, "Hapa pana paa la nyumba," tutapimaje ukweli wake?

Mfano tuutoe Bara. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakaazi katika kuchora ramani za mitaa inayofurika maji, kama Tandale ya Kinondoni. Zilitumika pia picha za ndege zisizo na rubani. Mwaka 2020 picha za namna hiyo za miji ya Afrika, Dar es Salaam na Zanzibar zikiwamo, zilitumika katika Open Cities AI Challenge, shindano la kuifundisha kompyuta kutambua majengo. Kipimo chake kilikuwa cha Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyekitumia mwaka 1901 kulinganisha mimea ya milimani.

KANUNI: Chukua eneo ambalo michoro miwili imepatana, ligawe kwa eneo lote lililofunikwa na michoro hiyo.

Mathalan, tuna karatasi ya miraba 100. Mtu amechora paa la miraba 40; kompyuta imechora miraba 44; iliyopatana ni 36. Eneo lote ni 40 + 44 − 36 = 48. Basi 36 ÷ 48 = 0.75. Michoro iliyo sawa kabisa hupata 1. Isiyogusana hupata 0.

Kwa nini tusigawe kwa paa la kweli peke yake? Kwa sababu kompyuta ingepaka karatasi nzima, ikapata 40 ÷ 40, alama zote kwa uvivu. Kwa kanuni yetu itapata 40 ÷ 100, yaani 0.4 tu.

Lakini tahadhari. Katika mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke mapaa yamekaribiana mno. Tuseme nyumba mbili, kila moja miraba 40, zimeachana kwa kichochoro cha miraba 4. Kompyuta imezichora kama paa moja la miraba 84. Tukipima picha nzima, 80 ÷ 84 ni 0.95. Alama nzuri, na kumbe nyumba moja imepotea! Siku ya mafuriko, waliomo humo hawamo katika hesabu. Tukipima nyumba kwa nyumba, kila moja hupata 40 ÷ 84, yaani 0.48. Wengi wa fani hii hukubali kwamba kitu kimeonekana kikipata angalau 0.5. Hapo kosa linafichuka.

Nasi yatuhusu. Tangu mwaka 2016 ndege za namna hiyo zimepiga picha Unguja na Pemba. Mikarafuu miwili iliyoshikana matawi haina tofauti na nyumba zile. Mtu akikwambia kompyuta imehesabu mikarafuu yako na kupata alama 0.95, muulize kwanza: "Umepima shamba zima, au mti kwa mti?"

ZOEZI: Mtu amechora mkarafuu wa miraba 30, kompyuta pia 30, iliyopatana ni 20. Mfanano ni kiasi gani?

JIBU: 20 ÷ 40 = 0.5. Aliyepata 0.67 amegawa kwa mchoro mmoja tu. Na arudie kanuni.